Sergei Ivanov na kiti ambacho hakukikalia

Mwaka 2007, swali la nani angemrithi Vladimir Putin katika urais wa Urusi lilikuwa na majibu mawili: Dmitry Medvedev, mwanasheria, au Sergei Ivanov, jasusi. Wengi walimpa Ivanov. Februari mwaka huo alikuwa ametolewa Wizara ya Ulinzi na kufanywa Naibu Waziri Mkuu wa Kwanza, cheo kilekile alichokuwa nacho Medvedev. Septemba, kiti cha Waziri Mkuu kilipobaki wazi, akapewa Viktor Zubkov, mtu ambaye karibu hakuna aliyemfikiria. Desemba, baraka za Putin zikaenda kwa Medvedev.

Ivanov alizaliwa Leningrad mwaka 1953, akasomea Kiingereza chuo kikuu, kisha akaingia KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Alihudumu Helsinki, na baadaye Nairobi. Kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki tuliwahi kuwa naye jirani bila habari. Mwaka 1998, Putin alipokuwa mkuu wa FSB, idara ya usalama iliyorithi kazi za KGB ndani ya nchi, Ivanov akawa naibu wake. Mwaka uliofuata akawa katibu wa Baraza la Usalama la Urusi, na Machi 2001 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi.

Alisifiwa kuwa waziri wa kwanza raia wa wizara hiyo katika Urusi mpya. Mimi sifa hiyo naipokea nusu. Alikuwa jenerali wa usalama aliyevua magwanda muda mfupi tu kabla ya hapo, na kubadili suti hakumbadilishi mtu. Hata hivyo, wanaomtetea wana hoja nzito. Kabla yake, Mnadhimu Mkuu wa Majeshi, Anatoly Kvashnin, alikuwa akivutana na waziri waziwazi, jeshi likawa na vichwa viwili. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa, Kvashnin akaondolewa, na waziri akawa na kauli ya mwisho. Katika kipindi chake pia ilipitishwa sheria ya kupunguza utumishi wa lazima kutoka miaka 2 hadi mwaka 1, kwa awamu, kufikia 2008. Kwa familia ya kijana wa Kirusi, hilo si jambo dogo.

Si dogo kwa sababu ya kilichokuwa kikiendelea kambini. Warusi wana neno, dedovshchina, linalotokana na neno lao la babu: askari wakongwe ndio mababu, na kuruta ni wa kuteswa. Usiku wa kuamkia mwaka 2006, kuruta mmoja katika mji wa Chelyabinsk aliteswa hadi akakatwa miguu yote miwili. Ivanov, akiwa ziarani Armenia, aliulizwa na waandishi. Akajibu kwamba hakuna jambo zito sana, lingekuwa zito angelijua. Watetezi wake husema taarifa zilikuwa hazijamfikia, na huenda ni kweli. Lakini basi huyo ndiye waziri aliyesifiwa kuwadhibiti majenerali, na majenerali walikuwa bado wanaamua ajue nini na lini. Mageuzi makubwa ya jeshi yalikuja baada yake, chini ya Anatoly Serdyukov, aliyewahi kuwa mfanyabiashara wa samani na mkuu wa kodi.

Je, kisa cha Chelyabinsk ndicho kilichomkosesha urais? Sidhani. Kura pekee iliyohesabika ilikuwa ya Putin, na Putin, ambaye katiba ilimzuia kugombea muhula wa tatu mfululizo, alihitaji mtu wa kumshikia kiti, kisha amrudishie. Medvedev hakuwa na jeshi wala majasusi nyuma yake. Ivanov alitoka ndani ya ulimwengu uleule wa Putin, umri wao ukipishana miezi michache. Wapo wanaosema hakuwa tishio lolote, maana majenerali hawakumhesabu kuwa mwenzao. Nakubali, ila anayegawa kiti hapimi anavyopima mchambuzi. Kwake hata uwezekano mdogo unatosha.

Na kilichofuata kinanipa nguvu ya kusema hivyo. Putin alipojiandaa kurudi Kremlin, ikulu ya Urusi, Desemba 2011, Ivanov aliitwa kuwa mkuu wa ofisi ya rais, akakaa hadi Agosti 2016. Mtu asiyeaminika hapewi funguo za nyumba. Alipoondoka alipewa uwakilishi maalumu wa rais katika mazingira na uchukuzi, na hapo akaendeleza kazi aliyokuwa ameianza zamani: kuwalinda chui wa Mashariki ya Mbali ya Urusi, waliokuwa wamebaki takriban 30 tu mwituni mwanzoni mwa karne hii. Sasa wamepita 100.