Mtoto mchanga: studio au dirishani?

Mtoto wa dada yangu hakuwa ametimiza wiki mbili nyumba yao kule Nyalenda, Kisumu, ilipogawanyika. Baba alitaka apelekwe studio mjini akapigwe picha kama zile anazoziona kwenye simu: mtoto usingizini, viwiko chini, kidevu kimeegemea viganja. Nyanya akasema mtoto wa siku kumi hatolewi nje kwa sababu ya picha. Mimi ndiye mpenda kamera katika ukoo wetu, basi nikaitwa.

Baba hakukosea kuharakisha. Wapiga picha wa watoto wachanga hupendelea siku ya 5 hadi ya 14, maana wakati huo mtoto bado analala fofofo na anajikunja kama alivyokuwa tumboni. Studio nzuri ina taa laini na mtu mwenye subira ya kungoja mtoto anyonye, acheue, alale tena. Tena inakupa picha ya karatasi. Simu huibiwa kwenye matatu na mwaka mzima wa mtoto ukaenda nayo.

Lakini ile picha ya kidevu kwenye viganja huwa ni picha mbili zilizounganishwa kwa kompyuta. Katika ya kwanza mtu ameshika kichwa, katika ya pili ameshika mikono, kisha vidole vya mtu mzima vinafutwa. Shingo ya mtoto haikazi vizuri mpaka miezi mitatu au minne. Asiyejua siri hiyo akijaribu kumsimamisha mtoto hivyo, kichwa kitaanguka. Kwa hiyo muulize mpiga picha ataifanyaje kabla hujalipa, na akibabaika, mchukue mtoto wako mwende.

Nyanya naye alikuwa na hoja nzito kuliko alivyojua kuieleza. Chanjo ya kwanza ya kifaduro hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na wiki 6. Kabla ya hapo, kofia na blanketi zilizovaliwa na watoto wengine, pamoja na pumzi za watu wasiojulikana, si jambo dogo.

Tulibaki nyumbani, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita jua liko utosini, na ukimtoa mtoto uani macho yake yanakuwa mashimo meusi. Saa tatu asubuhi tulivuta godoro hadi karibu na dirisha, tukatundika leso nyeupe ili mwanga upungue ukali, tukazima taa ya umeme na flashi. Picha ya kwanza ikatoka mbaya: shali jeupe linang'aa, uso wa mtoto mweusi tititi, hauonyeshi hata nyusi. Kamera ikiona weupe mwingi hujipunguzia mwanga, na wanaoumia ni watoto wetu wenye ngozi nyeusi. Tukabadilisha shali kwa kitenge cha kahawia, nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, nikashuka magotini hadi usawa wa macho yake. Mara wekundu wa midomo ukatokea, na vinyweleo vya sikioni.

Nyumbani pia kuna kasoro zake: nguo kwenye kamba, chumba kimoja chenye dirisha dogo, mama aliyechoka ambaye hayumo katika picha hata moja. Hata hivyo, kwa wiki hizi za mwanzo ninasimama na nyanya. Studio ingoje miezi sita hivi, mtoto akianza kuketi na kucheka na watu; hapo taa na zulia lao vitalipa.

Na studio ikitaka kubandika picha hizo mtandaoni kujitangaza, iombe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Baba alichagua moja kati ya zile za dirishani, tukaichapisha mjini. Mtoto amefumba macho, na mkono wa nyanya, wenye mishipa iliyosimama, umeshika kisogo chake. Hatukuufuta.