Kama huna uhakika jibu N, halafu mashine haiwaki

Juzi nimeua laptopu ya watu kwa kutii maelekezo. Sijasema kwa kuyadharau, nimesema kwa kuyatii, na ndo maana bado inauma.

Iko hivi, hapa Ngamiani, Tanga, kuna mama mmoja ana stationari, laptopu yake kuukuu betri ilishakufa zamani, ipo mezani mwaka mzima imechomekwa ukutani kama feni. RAM gigi 2. Nikamwambia mama niachie hiyo nikuwekee Linux nyepesi, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na mimi kwa kiherehere changu nikaona nisiishie hapo, nikompaili (nijenge mwenyewe kutoka kwenye kodi) na keneli yenyewe, kile kiini cha mfumo, nitoe takataka zote, ibaki ile inayomtosha yeye na printa yake. Najua utasema Ubuntu, Linux ya watu wengi, inakuja na kila kitu tayari, ya nini kujitesa. Sawa, ila mtu hujifunza kwa kujitesa, na usiku ule sikuwa na kazi nyingine.

Kwa asiyejua, ukiandika make menuconfig inafunguka menyu ndefu ya bluu, kila draiva, programu inayoendesha kifaa fulani, ina chaguo lake. Y inaingizwa ndani ya keneli moja kwa moja, M inakaa pembeni kama moduli na kuitwa ikihitajika, N haipo kabisa. Ukikwama unabonyeza alama ya kuuliza yanakuja maelezo ya msaada, na hayo maelezo ndo ugomvi wangu leo.

Nikaanza na konfigi ya kawaida ya make defconfig, nikawa napita naondoa. Nikafika kwenye SATA_AHCI, imewekwa Y. Nikajiuliza hii ni nini, nikabonyeza alama ya kuuliza. Sentensi mbili tu: chaguo hili linawezesha AHCI Serial ATA. Kama huna uhakika, jibu N.

Sasa mimi uhakika nilikuwa sina, si ndo maana nimeuliza jamani? Nikajibu N. Nikakompaili, masaa karibu matatu, feni inalia kama mashine ya kusaga, nikawasha upya. Skrini nyeusi, maandishi meupe, keneli imepaniki inasema haiwezi kufungua diski ya mfumo, unknown-block(0,0), na kilichonichekesha mpaka leo ni ule mstari unaosema partisheni (vipande vya diski) zilizopo ni hizi hapa, nukta mbili, halafu chini hamna kitu. Hata moja.

AHCI ni nini basi? Ni utaratibu uliotoka 2004, unaoeleza jinsi mfumo unavyoongea na kontrola ya SATA, ile chipu ya kuunganishia diski iliyopo kwenye madabodi, na kontrola ndo inayoongea na hard diski, SSD za SATA (diski za chipu), na ile DVD ya pembeni. Laptopu na desktopu nyingi sana za miaka ile na zilizofuata zinapita hapo hapo. Kwa hiyo kumwambia mtu asiyejua ajibu N ni sawa na mgeni ameshuka Tanga anakuuliza barabara ya kumi na tano iko wapi, unamjibu kama hujui rudi Kange ukapande basi. Ni jibu, ila si msaada.

Nikarudi nikaweka Y. Safari hii kukompaili hakukuchukua muda kwa sababu vingi vilishakuwa tayari. Nikawasha, ikapaniki tena! Ila sasa kwenye orodha ya partisheni kumetokea mgeni mmoja, sr0, yaani DVD. Keneli inaona kideki cha CD, haioni diski iliyopo kwenye kontrola hiyo hiyo. Hapo kwa kweli nilikaa kimya nikanywa chai yangu ya mchaichai kwanza.

Kosa la pili lilikuwa langu nusu, nakiri. Nilikuwa nimeondoa pia chaguo la BLK_DEV_SD kwa sababu jina lake kwenye menyu linasema diski za SCSI, na SCSI mimi naijua ni mambo ya maseva makubwa, mama wa stationari ana SCSI ya nini? Hata maelezo sikuyafungua. Kumbe kwenye Linux diski za SATA zinapitishwa kwenye tabaka la SCSI, na flashi za USB vilevile, ndo maana zote zinaitwa sda, sdb. Draiva za zamani za IDE, njia ya diski ya kabla ya SATA, zile zilizokuwa zinaziita diski hda, zilishaondolewa kabisa kwenye toleo la 5.14 mwaka 2021. Kwa hiyo chaguo lenye jina la SCSI ndo linalobeba karibu kila diski mtu wa kawaida anayoijua, jina limebaki la kale, kazi imeshakuwa nyingine.

Na ukiyafungua maelezo yake, haki yao nawapa, yanataja SATA na USB waziwazi. Ila yanakutajia humo humo diski za Zip za Iomega, kitu ambacho vijana wengi wa hapa hawajawahi kukishika, yanakutuma ukasome miongozo ya enzi hizo, halafu yanakukataza kuiweka kama moduli endapo mfumo wako umekaa kwenye diski ya aina hiyo. Debian yenyewe, Linux nyingine maarufu, inaiweka kama moduli na inawaka vizuri tu, kwa sababu kuna initramfs, kifurushi kidogo cha kuwashia kinachopakia moduli kabla diski haijafunguliwa. Katazo ni la kweli kwa mtu kama mimi nisiyetumia initramfs, kwa mwingine linamtisha bure, na neno moja la kutofautisha hao wawili halimo.

Sasa linganisha na maelezo ya draiva ya NVMe. Yanasema hii ni ya SSD zilizochomekwa moja kwa moja kwenye PCI au PCI Express (njia za kuchomekea vifaa kwenye madabodi), na kama unajua huna, ni salama kujibu N. Umeona hapo? Kama unajua huna. Siyo kama huna uhakika. Tofauti ni ndogo kwenye maandishi ila ndo kila kitu, mmoja anamruhusu anayejua aondoe, mwingine anamsukuma asiyejua aondoe. Aliyeandika ya NVMe alimfikiria mtu aliyekaa upande wa pili wa skrini.

Naelewa hiyo N inatoka wapi. Draiva ni maelfu, vifaa vingi humo hutavikuta hata ukizunguka Tanga nzima, na Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, anajulikana kwa kukasirikia watu wanaotaka draiva yao mpya iwe Y kwa kila mtu. Kwa kontrola adimu N ni ushauri mzuri kabisa. Tatizo ni kuunakili ule ule mpaka kwenye draiva inayobeba diski ya kuwashia.

Mi ningeandika hivi: AHCI ndo njia ambayo kompyuta nyingi hutumia kufikia diski za SATA. Ukijibu N na mfumo wako uko kwenye diski hiyo, mashine haitawaka. Kujua kama unayo, andika lspci -k, tafuta mstari wenye neno SATA, chini yake ukiona ahci jibu Y. Kama huna uhakika, jibu Y. Basi, mistari minne. (Ukikuta ata_piix, draiva nyingine, badala yake, huenda BIOS, programu ya kuwashia mashine, imewekwa kwenye hali ya IDE, lakini angalau umeshajua pa kuuliza.)

Asubuhi mama akaja, mi macho mekundu.

"Mwanangu, mashine yangu umeiua?"

"Haijafa mama, ilisahau diski yake tu, imekumbuka."

Akaguna, akaichukua, mchana ikawa inatoa fomu za watu kama kawaida na flashi inasoma. Jioni akanipigia, mteja kaleta picha za pasipoti kwenye kadi ya kamera, kaichomeka pale pembeni haionekani. Nikaenda, nikafungua menyu ya bluu, nikatafuta MMC_SDHCI_PCI, draiva ya kisoma kadi, ipo N, nikabonyeza alama ya kuuliza. Inasema kontrola nyingi za siku hizi ni za PCI, kama unayo yenye mfumo huu jibu Y au M.

Mstari wa mwisho: kama huna uhakika, jibu N.