Kukabwa na jinamizi: mchawi wa jirani au usingizi wenyewe?

Huku Kigoma ukitaka kuharibu stori kijiweni we sema tu jinamizi ni mambo ya usingizi, utaambiwa umesoma sana au na wewe ni mmoja wao. Hali yenyewe inajulikana: unaamka usiku, chumba unakiona chote hadi neti na shati la mlangoni, ila mkono hausogei, sauti haitoki, kifua kimekandamizwa na unahisi kabisa kuna kitu kimesimama pembeni, alafu ghafla kinaachia. Asubuhi unaambiwa umekabwa, na wanga wa huku mwisho wa reli sifa zao zimefika mpaka Dar.

Wanaoamini ni uchawi wana hoja moja nzito, na sio ile ya "wazee walisema". Wanauliza inakuaje mvuvi wa Kibirizi, mwanachuo na mama wa Kasulu, watu wasiojuana, wote waseme kifua na kivuli cheusi? Ingekuwa ndoto si kila mtu angeota ya kwake? Mi hoja hii naiheshimu, wasomi wengi wanairuka wanakimbilia "stress" kama vile stress ndo jibu la kila kitu, wakati haielezi kwa nini kifua na sio goti.

Sasa kufanana huko kunaelezeka. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo unazima karibu misuli yote, unabakiza macho na msuli mkuu wa kupumulia, ndo maana ukiota unakimbizwa hutimui mbio kitandani. Kuna wakati akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa, unataka kuvuta pumzi ndefu lakini misuli ya mbavu imelegea, ndo ule uzito. Alafu ubongo ukijikuta hauwezi kukimbia unaanza kutafuta adui humo chumbani huku ndoto bado inaendelea. Mwili ni ule ule kila mahali: Wajapani wanaita kanashibari, na Henry Fuseli mwaka 1781 alichora zimwi limekaa juu ya mwanamke aliyelala chali. Sharpless na Barber mwaka 2011 walijumlisha tafiti za watu zaidi ya 36,000, wakakuta asilimia 7.6 ya watu wa kawaida wamewahi kupata, ila wanafunzi ni asilimia 28. Kama ni wachawi basi wana jambo na wanafunzi.

Au tuseme wana jambo na watu wanaolala ovyo, maana usingizi uliovurugika ni moja ya vitu vinavyoendana na hali hii, pamoja na kulala chali. Hapo nawafikiria wavuvi wa dagaa, giza likiwepo wanakesha ziwani na taa na kulala mchana, mbalamwezi ikija wanapumzika na kurudi kulala usiku kama watu wengine, mwezi ujao hivyo hivyo. Mtu usingizi wake unapinduliwa kila mwezi, akikabwa tunaanzaje na bibi wa nyumba ya pili?

Ila na sisi wabishi tuna kasoro, yani mtu kakabwa kweli, macho yalikuwa wazi, unamwambia "umeota tu", lazima akuone muongo. Na imani inabadilisha uzito wa jambo, Pemba mwaka 1995 wakati wa Popobawa, zimwi lililosemwa linavamia watu usiku, watu walilala nje kwa makundi kwa hofu, na hofu ya kukabwa inakata usingizi, usingizi ukikatika kukabwa kunakuwa karibu zaidi. Ndo maana siwacheki wanaosoma Ayatul Kursi au kulitaja jina la Yesu moyoni, kingeachia chenyewe baada ya sekunde au dakika chache ni kweli, lakini mtu aliyetulia hapambani na mwili wake na usiku wa pili haogopi kitanda.

Mganga ndo simuelewi. Anaanza na swali, "kuna mtu hamuelewani naye hapo mtaani?" Nani atajibu hapana? Kuna wifi, kuna mpangaji mwenzio, kuna yule mliyegombana hela ya nyavu, jina linatoka mdomoni kwako mwenyewe alafu unalilipia.