Mababu wa mashairi ya mapenzi ya wanaume: ni wa kurithi au wa kubandikwa?

Mwaka 1623, mjukuu wa nduguye Michelangelo, mchongaji na mchoraji wa Italia, alichapisha mashairi ya mzee huyo, lakini si kabla ya kuyachuja. Soneti, yaani mashairi ya mishororo 14, alizomwandikia kijana Tommaso de' Cavalieri ziligeuzwa, zikasomeka kana kwamba anayesifiwa ni mwanamke. Msomaji alisubiri hadi 1863 ndipo mhariri Cesare Guasti akazitoa kama zilivyo kwenye miswada.

Visa vya namna hii ndivyo ngao ya washairi wa leo wanaoandika mapenzi kati ya wanaume. Historia, wanasema, haikuwa kimya, ilizibwa mdomo. Kwa hiyo wakimwita Cavafy, mshairi Mgiriki wa Alexandria, babu yao, hawajitungii ukoo, wanadai urithi uliofichwa.

Upande wa pili nao una hoja, na si kila anayeitoa ana chuki. Majina tunayoyatumia leo kwa wapenzi wa jinsia moja ni ya juzi tu, na kumvisha mtu wa karne ya 16 ni kumsemea. Mfano wao mzito ni mshairi Mmarekani Walt Whitman. Mswada wa shairi lake moja la 1860 unaonyesha mpenzi wa mjini alikuwa mwanamume. Kitabuni akawa mwanamke. Sawa. Lakini mwaka 1890 mwandishi Mwingereza John Addington Symonds alipombana kwa barua aseme ukweli, Whitman alikana kwa ukali na kudai ana watoto sita, watoto ambao mpaka leo ushahidi wao haujapatikana. Mtu ameshakana kwa mkono wake, sisi ni nani tumkatalie?

Hapo mimi naona hoja inachechemea. Zama zile kukiri kwenye barua kulikuwa kujichongea. Miaka mitano baadaye, jijini London, mwandishi Oscar Wilde, aliyeshtakiwa kwa mahusiano na wanaume, alihojiwa kizimbani hata juu ya shairi la rafiki yake, akaishia kufungwa miaka miwili na kazi ngumu. Kanusho la mtu aliyezungukwa na hatari kama hiyo halifuti mswada. Wala mswada haututhibitishii maisha yake yote. Unathibitisha shairi, basi.

Lawama inayonigusa zaidi ni nyingine: kwamba historia imeyaelemea mapenzi yenyewe. Polisi, mahakama, Ukimwi, kila kumbatio linageuka ushahidi. Ni kweli kwa diwani nyingi dhaifu, zinazopanga majina ya marehemu na kudhani orodha ni shairi.

Lakini mtazame Jericho Brown, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2020. Alibuni umbo la mishororo 14 ambamo mshororo wa pili wa kila jozi hurudi, umebadilika kidogo, kuanzisha jozi inayofuata. Anayelijua pindu, shairi letu ambalo mwisho wa ubeti huanzisha ubeti unaofuata, hatashangaa. Katika mojawapo, mpenzi wa kwanza ana gari la rangi ya zabibu na ni mrefu kama baba. Mshororo unarudi, na sasa aliyesimama pale ni baba mwenyewe, mwenye kipigo cha kuacha alama. Hakuna aliyeeleza kitu. Umbo lenyewe limeshabeba historia, na mapenzi hayakupunjwa.

Mshairi Mwingereza Thom Gunn alifanya kinyume. Diwani yake ya 1992 ina tanzia, yaani mashairi ya maombolezo, za marafiki waliokufa kwa Ukimwi, ila shairi la kwanza ni la usingizi tu: baada ya karamu ya siku ya kuzaliwa, mmoja anakumbatiwa kwa nyuma, na anahisi nguvu yote ya mwili wa mwenzake kuanzia visigino hadi mabegani. Ugonjwa hautajwi. Anayedai shairi hilo linategemea tanzia zinazofuata alisome peke yake, bila kufungua ukurasa mwingine. Linasimama.