Mniache na Bwanga Langu

Jana asubuhi konda wa daladala ya Mbagala kanivunjia heshima mbele ya abiria. Nimekaa zangu siti ya dirishani, nimekunja miguu ili mama mwenye ndoo ya samaki apite, konda huyo ananitazama suruali kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo, kisha anamgeukia mwenzake mlangoni: "Oya, mcheki mzee katupia bwanga! Mzee naye kaona asipitwe!" Gari zima likacheka. Hata mama wa samaki, niliyempisha mimi, kacheka.

Nisipitwe na nini? Suruali hii pana inamzidi umri huyo konda. Nilikuwa nayo nyinyi mlipokuwa mnavaa modo, zile za kubana ambazo kuzivua mpaka mtu alale kitandani mwenzake amvute miguuni. Nilikuwa nayo mlipokata K, mnavuka barabara mkono mmoja umeshika mkanda, mwingine unasimamisha bodaboda. Nilikuwa nayo enzi za usharobaro, mmevaa suruali nyekundu na za kijani mchana kweupe, mnanicheka mimi, mnaniita mjumbe wa nyumba kumi. Nikanyamaza. Sasa fasheni imezunguka huko ilikozunguka, imerudi kushusha abiria kituo kile kile nilichosimama mimi miaka yote, halafu anayeambiwa kaiga watoto ni mimi!

Naomba ieleweke kwamba mimi ni mtu mwenye mtindo wake. Shati la mikono mifupi lenye mfuko kifuani, kwa sababu miwani ya kusomea na kalamu sina mpango wa kuvibeba mkononi. Suruali ya kitambaa, pana, marinda mawili kila upande, pindo limegeuzwa nje. Viatu vya ngozi vya kamba. Hayo si mambo ya kuokota. Jua la Dar mnalijua, na vyoo vya stendi mnavijua. Mwanamume ambaye suruali yake haimruhusu kuchuchumaa, huyo kajifunga mwenyewe.

Jumapili navaa Kaunda suti. Hiyo nayo nilikuwa nayo kabla Rais Ruto hajaifanya ya mjini. Siku hizi nikikatiza mtaani watoto wanapiga kelele, "Ruto huyooo!" Na huko Kenya kwenyewe, mwaka 2023 Spika akaipiga marufuku bungeni, wakati Rais wao ndiyo anayoipenda. Sasa mimi, si mbunge wala si Mkenya, nifuate lipi?

Macho yangu ya nguo nimeyapata mitumbani, pale Karume Ilala, si kwenye simu. Mitumba haina mwaka. Kwenye fungu moja utakuta shati la juzi, koti la marehemu na sweta ambalo hata aliyelifuma alishalisahau, ndiyo maana wazee wetu walisema kafa Ulaya. Hakuna anayekuambia msimu huu ni rangi ya maziwa. Unashika kola, unaikunja, unaangalia kama imeliwa. Unageuza nguo ndani nje, unatazama mshono umepigwa mara moja au mara mbili. Unavuta zipu juu chini. Unanusa kwapa, samahani lakini ndiyo kazi yenyewe. Ukifanya hivyo kwa miaka, mkono unajua pamba kabla jicho halijaona rangi. Tatizo la mitumba ni suruali: wale wenzetu wana miguu mirefu na viuno vya ajabu. Ndipo inabidi uende kwa fundi.

Eeh, fundi.

Nilinunua kitambaa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, cha kahawia, kizito kidogo, kisichoshika vumbi. Nikakibeba pamoja na suruali ya mfano mpaka kwa fundi wetu wa mtaani, pale barazani chini ya mwembe. Nikavitandika vyote mezani kwake, nikasema taratibu kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani: "Fundi, mfano huu hapa. Nataka hii hii. Usiongeze, usipunguze."

"Nimekupata, bosi."

Suruali hakuigusa. Katoa simu. "Ila kwa sasa hivi bosi, watu wanashona hivi." Kwenye picha kuna kijana ameegemea gari ambalo si lake, kavaa suruali ambayo wangeweza kuingia wawili wakabaki na nafasi ya mzigo, ina mifuko mpaka magotini.

"Mifuko ya magotini ya nini?"

"Ya kuwekea vitu."

"Vitu gani?"

"Vyovyote tu, bosi."

"Fundi, mimi ningekuwa na vitu vya kujaza mifuko sita, ningekuwa bado nashona kwako kwa mkopo?"

Akacheka, akachukua futi, akaanza kunipima huku simu kaibana begani anaongea na mteja mwingine. Kiuno changu ni thelathini na nne, nakijua, tumekuwa wote muda mrefu. Namsikia fundi, "Thelathini na nane," nikashtuka. "Si wewe bosi, naongea na huyu dada, anauliza bei, elfu thelathini na nane." Sawa. Lakini dogo wake wa kujifunza, aliyekaa na daftari na kipande cha penseli, naye keshaandika.

Wakati huo mashauri yamefunguliwa. Kuna binti anasubiri dera lake akasema, bila kuulizwa na mtu, "Baba, ukivaa pana na hicho kitumbo unaonekana mfupi." Dereva wa bodaboda kazima pikipiki kabisa ili asikie vizuri, akashauri chini iwe inchi kumi na mbili, "iwe inapepea." Fundi akasema kumi na moja. Mimi nikasema tisa, kama mfano ulivyo. Binti akasema saba. Yaani watu wananadi miguu yangu, na mwenye miguu nipo.

Mzee wa kahawa ndiye aliyeniokoa, au nilidhani ananiokoa. Kaweka birika chini. "Nyie watoto, hiyo saba mngekimbizwa nayo. Operesheni Vijana mnaijua? Januari mosi 1969, Vijana wa TANU wako barabarani: mini marufuku, wigi marufuku, mkorogo marufuku, suruali ya kubana marufuku. Nchi ina miaka saba ya uhuru, barabara hazijaisha, watu wanakagua mapaja ya watu!" Akanywa kahawa yake mwenyewe. "Haya, baadaye zikaja pekosi, chini zinafagia njia. Na raizoni, viatu mtu anapanda kama ngazi. Wakubwa hao hao wakanuna tena: pana mno! Mwanangu, suruali haijawahi kumridhisha mtu." Halafu akanigeukia mimi, "Lakini hiyo yako kweli imepitwa."

Nilitaka kumkumbusha fundi habari za zamani. Huyu huyu, kipindi cha modo, alichukua kitambaa changu kizuri cha kijivu akanibania mpaka kwenye vifundo, bila ruhusa, eti "nimekuweka kijana." Nikaenda nayo msibani. Wenzangu wote wamekaa mkekani, mimi nimesimama saa nzima nimeegemea nguzo, watu wanasema yule bwana ana uchungu sana, hata kukaa hawezi. Lakini nikasema yaliyopita si ndwele. Nikarudia: tisa, marinda mawili, mifuko ya ubavuni, mmoja wa nyuma wenye kifungo. Dogo akaandika. Fundi akasema, "Ijumaa."

Ijumaa mnaifahamu, sina haja ya kueleza.

Jumatatu ya pili yake nikafika. "Umeme ulitusumbua, bosi."

"Fundi, cherehani yako ya kukanyaga kwa miguu."

"Pasi je?"

"Pasi yako ya mkaa."

Akafikiri kidogo. "Na mkaa nao umepanda, bosi."

Nilipoipata, nikaivalia pale pale nyuma ya pazia la khanga. Kiuno thelathini na nane. Nikiishika kwa mbele, nyuma inabaki na maoni yake. Chini kumi na moja. Marinda hakuna, "yanazeesha." Na kila goti lina mfuko wenye kifuniko na kifungo. Nikatoka nimeishika kwa mikono miwili. Fundi anatabasamu, "Nimekuwekea miwili tu. Hiyo ni ofa."

Hapo ustaarabu ukaniishia. Jamani, mimi nimeomba nini? Sijaomba suti ya mjumbe wa Umoja wa Mataifa. Nimeleta kitambaa kwa pesa yangu, nimeleta mfano kwa mkono wangu, nimetaja namba kwa mdomo wangu. Kuna mtu mwingine kwenye nchi hii anayelipa ili apewe asichotaka kisha aambiwe kimempendeza? (Ndiyo, wapo, najua, tusiende huko.) Kubanwa ulinibana wewe, kupanuliwa unanipanua wewe, mimi kwenye mwili wangu nina cheo gani? Nilisema kwa sauti mpaka yule wa bodaboda akawasha pikipiki akaondoka. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Sasa bosi, hii mifuko nitoe au niache?"

Nyumbani mama watoto kaiangalia, kasema kwa mara ya kwanza nimevaa kama watu. Mwanangu wa kidato cha tatu kaiomba. Hajawahi kuniomba nguo tangu azaliwe, hata wakati wa baridi.

Na tukiwa hapo hapo mezani ndipo ikaja habari ya sare ya harusi ya mtoto wa shemeji. Kamati imekaa, imepitisha rangi: wanaume shati la udhurungi, kola ya maziwa. Nikauliza, aliyevaa shati lake zuri jeupe lililopigwa pasi, hataruhusiwa kula? Nikaambiwa picha zitaharibika. Harusi ya shemeji wa mwaka juzi ilikuwa zambarau, ya kabla yake kijani cha parachichi. Mashati yote yapo kabatini, hayaendi kazini, hayaendi kanisani, yanasubiri nani sijui. Sare ni elfu arobaini, nje ya mchango. Na mchango wenyewe, kadi ya mtu mmoja unaijua bei yake, ya wawili ndiyo usiseme, na bado kuna sendofu, na kitchen party ambayo mimi siingii ila pesa yangu inaingia.

Halafu mtunza hazina wa hiyo kamati hana adabu. Anakuweka kwenye kundi la WhatsApp bila kukuuliza, kila asubuhi anabandika majina, mbele ya jina lako ameweka "ahadi" na mabano matupu. Jana kaongeza alama ya saa inayokimbia. Nimelizima kundi lisitoe mlio kwa mwaka mzima, kumbe kajua, sasa anapiga kawaida. Huyo anaita tena. Sipokei. Mwambieni nipo kwa fundi.