Suka wa Mbeya na suka wa Mooresville, nani kabahatika?

Wabongo tunapenda kumwambia mtoto ukifeli shule utaishia kuwa konda au dereva, suka kama tunavyomwita, yaani udereva ni adhabu. Huku North Carolina ninakoishi kuna mji unaitwa Mooresville, kaskazini kidogo mwa Charlotte, umejaa karakana za timu za mbio za magari, na mtoto wa huko akisema anataka kuwa dereva baba yake anaanza kutafuta cha kuuza. Naongelea NASCAR, zile mbio kubwa za magari za Marekani, hasa ile ya matraki maana ndiyo naifuatilia zaidi. Na usiwaze Scania na Howo zinashuka Kitonga, hapana, ni pikapu, kwa nje utadhani Silverado au Tundra au F-150 lakini ndani ni mabomba ya chuma, injini ya V8 na kiti kimoja basi, milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani.

Nikirusha klipu kwenye grupu la familia majibu ni yale yale, si wanazunguka tu hao, hata suka wa basi la Mbeya anaweza. Kwakweli nakubaliana nao nusu. Yule suka anajua gari lake kwa kusikiliza tu, anajua breki zinachoka wapi, anajua lori la mbele litahama lini kabla dereva wa lori mwenyewe hajaamua. Kipaji kipo, tena kingi. Ila kipaji chenyewe kinachezewa wapi? Kwenye barabara ya njia mbili na abiria nyuma wamelala, bodaboda haina taa, na akipita 80 VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, inapiga kelele na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanamwona, na ni haki wamwone. Wale mashabiki wa mabasi wanaojua kila suka kwa jina la utani wanashangilia kitu ambacho siku kikienda vibaya ni msiba wa taifa. Hapo ndipo mimi naona tofauti ya huku na nyumbani, sio hela kama watu wanavyodhani, hela nitaifikia.

Tofauti ni Jumamosi usiku. Winston-Salem kuna uwanja unaitwa Bowman Gray, wanakimbiza magari pale tangu 1949, njia yenyewe kama mita 400 tu imezunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani. Majira ya joto karibu kila Jumamosi panajaa. Anayekimbiza ni fundi bomba, ni mwenye gereji, ni kijana wa sekondari, gari wameliunda wenyewe nyuma ya nyumba, wanagongana wanatukanana, bibi wa miaka themanini anazomea dereva fulani, na babake dereva huyo alimzomea pia miaka hiyo. Ukienda Hickory kuna kingine cha tangu 1951. Nchi hii imejaa viwanja vya namna hiyo na hakuna anayevitangaza sana, lakini ngazi yote ya udereva inaanzia hapo. Kijana mwenye wazimu wa spidi ana pa kuupeleka, polisi hahusiki, abiria hawapo.

Sasa nimwelezee mzee mmoja maana maisha yake yanaeleza hii kazi kuliko mimi. Ron Hornaday Jr, mtu wa Palmdale, California, baba yake naye alikuwa dereva wa mbio. Hornaday alihangaika na mbio za kwao huko magharibi mpaka anakaribia miaka 37, umri ambao kwetu ungeshaambiwa acha utoto fungua duka. Dale Earnhardt, huyu alikuwa mfalme wa NASCAR enzi hizo, akamwona kwenye tivii akampigia simu, inasimuliwa Hornaday alidhani ni washkaji wanamtania akakata. Mwaka huo 1995 ndio mashindano ya matraki yanaanza rasmi, na mzee akachukua ubingwa 1996, 1998, 2007 na 2009, huo wa mwisho ana miaka 51, na mwaka huo huo alishinda mbio tano mfululizo. Jumla ushindi 51 kwenye matraki. 2018 wakamuingiza kwenye jumba la heshima la NASCAR pale Charlotte mjini.

Lakini mimi kinachonigusa ni sofa. Nyumbani kwa Hornaday, alipohamia huku North Carolina, kulikuwa na sofa ambalo madereva vijana waliotoka California bila kitu walikuwa wanalala wakitafuta timu. Kevin Harvick alilala pale. Jimmie Johnson alilala pale, huyu baadaye kawa bingwa mara saba wa daraja la juu kabisa. Mke wa Hornaday anapika, vijana wanakula, asubuhi wanaenda kuomba kazi karakana. Jamani huu si ndio utaratibu wetu sisi? Mimi nilivyofika nililala sebuleni kwa kaka wa Morogoro ambaye hata undugu hatuna, na nikimsikia mtu anasema Wazungu hawana utu wa kupokeana namkumbusha hilo sofa. Halafu angalia linavyozunguka, Harvick akapata hela akafungua timu yake, akamwajiri nani? Mzee mwenye sofa. Ule ubingwa wa 2007 na wa 2009 aliuchukua kwenye timu ya Harvick.

Haya tuje kwenye hela, na hapa wale wa "Marekani kipaji chako tu" mniwie radhi. Dereva wa NASCAR ni mtu wa kuuza. Ile rangi kwenye traki ni tangazo, na bila tangazo hakuna traki. Matt Crafton kadumu miaka na miaka kwa sababu duka la vifaa vya ujenzi la Menards lilikaa naye, kama vile mwenye duka kubwa la hardware Kariakoo aamue kukulea mpaka uzeeke, na mwaka 2019 jamaa alichukua ubingwa bila kushinda mbio hata moja msimu mzima, wa pili wa tatu wa tano mpaka kombe. Bongo tungemzomea. Carl Edwards wa Missouri alikuwa mwalimu wa kushikiza, akachapisha kadi za kujitangaza kuwa anatafuta gari la kuendesha akawa anazigawa viwanjani, mpaka Jack Roush, mwenye timu, akampa traki 2003. Hao ndio waliofanikiwa. Siku hizi kuna vijana wa miaka 18 wamepewa gari kwa sababu baba ana kampuni, na kila mtu kule kwenye pit, pale magari yanapohudumiwa, anajua, na wenye kipaji lakini hawana mdhamini wanafunga tairi za wenzao.

Na hata ukifika juu hujafika. Mwaka 2014 timu ya Hornaday iliishiwa hela msimu ukiwa bado unaendelea, traki yake ikasimamishwa, bingwa mara nne, mbio zinaendelea yeye hana gari. Mwaka huo huo Harvick, mtoto wa sofani, akachukua ubingwa wa daraja la juu. Kwetu mtu akifukuzwa kazi anasema kuna mkono wa mtu. Huku hakuna mkono wa mtu, kuna barua ya mdhamini, sijui kipi kinauma zaidi.

Kuhusu rangi yetu, naulizwa sana. Wendell Scott wa Danville, Virginia, dereva teksi na fundi wa magari, alishinda mbio za Jacksonville Desemba 1963 na bendera wakampungia mwingine, mzungu, wakaja kukiri baadaye watu wameshaondoka. Kombe rasmi familia yake ilikabidhiwa 2021, yeye kafariki 1990. Baada yake ilibidi kusubiri mpaka 2013 Mweusi mwingine, Bubba Wallace, aliposhinda Martinsville, na ilikuwa kwenye traki. Kabla ya hapo alikuwepo Bill Lester, injinia wa umeme kasoma Berkeley, yupo na kazi nzuri kampuni ya kompyuta, akaacha akaenda kuendesha matraki anakaribia miaka 40. Hebu fikiria unampigia mama yako Moshi unamwambia hiyo habari. Halafu Rajah Caruth, kijana aliyejifunzia kwenye simuleta ya kompyuta kabla hajakaa kwenye gari lenyewe, kashinda Las Vegas 2024. Mimi nilianza kwenda uwanjani baada ya 2020 walipopiga marufuku ile bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kutetea utumwa, kabla ya hapo nilikuwa napita tu kwenye haiwei nasikia ngurumo sitamani kabisa. Sasa hivi nakaa, nakodi kile kiredio cha kusikiliza dereva anavyoongea na timu yake. Hapo ndipo utajua kama wanazunguka tu. Dereva analalamika gari inatupa mkia, mara imegoma kukata kona, ndani joto limepita nyuzi 50, kuna mtu juu ya paa la jukwaa anamwambia kulia kwako, bado yupo, bado yupo, umempita, na fundi mkuu anamuuliza tairi zikoje naye anajibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Nyumbani tunayo mbio za magari, tusijidharau. Safari Rally ilianza 1953 na zamani ilipita mpaka kwetu, Kenya imerudi kwenye ratiba ya dunia tangu 2021 na Naivasha inafurika. Iringa na Morogoro rali zipo. Ila gari la rali ni bei ya nyumba, na wengi wanaoendesha ni watu ambao biashara ya familia inawabeba, wengine sote tunakaa pembeni kwenye vumbi tunapiga picha. Hakuna Jumamosi usiku. Hakuna mahali ambapo fundi wa gereji ya Ilala analeta Mark II yake aliyoifufua mwenyewe na kukimbizana na wenzake mbele ya watu elfu mbili wenye chipsi mayai. Kipande cha lami cha mita 400, ukuta wa zege, gari la wagonjwa, zimamoto, kiingilio. Haihitaji Wizara. Mnaojenga kumbi za harusi kila kona Mbezi na Kibaha, hebu pigeni hesabu.

Binamu yangu ambaye ni suka wa njia ya kusini kasoma hii kabla sijaiweka, kauliza swali moja tu, kwamba yeye ana miaka 36, je kachelewa? Nimemwambia kwa umri hapana, Hornaday ndio alikuwa anaanza. Shida ni viza.