Nembo ya jina lako: nani mwenye haki nayo?

Andika jina la ukoo wako kwenye tovuti, lipa, na baada ya muda unaletewa kibao cha mbao chenye ngao, simba wawili, kofia ya chuma na maneno ya Kilatini. Kinaambatana na karatasi inayodai kwamba hiyo ndiyo nembo ya ukoo wa Smith, au Murphy, au Taylor. Biashara hii imeshamiri zaidi Marekani, Kanada na Australia, kwa watu wanaojua kwamba mababu zao walitoka Uingereza au Ireland lakini hawajui walitoka kijiji gani. Wataalamu wa nembo wanasema ni utapeli. Wanunuzi nao huuliza: picha ya ukutani inamuumiza nani?

Mimi niko upande wa wataalamu, ila sababu wanazopenda kuzitaja hazinitoshi.

Kisheria wana hoja. Uingereza nembo hutolewa na Chuo cha Nembo cha London, kilichopata hati yake kwa Mfalme Richard III mwaka 1484. Anapewa mtu, kisha inarithiwa na uzao wake kwa upande wa wanaume. Kufanana jina na huyo mtu hakukupi haki yoyote. Scotland ni wakali zaidi: sheria ya mwaka 1672 ilitaka nembo zote ziandikwe katika daftari moja, na hadi leo Mahakama ya Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo wa huko, ina uwezo wa kumchukulia hatua anayetumia nembo isiyo yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa familia ya Shakespeare. Oktoba 1596 John Shakespeare, mtengeneza glavu wa Stratford aliyewahi kuongoza baraza la mji wake, alikubaliwa nembo: ngao ya dhahabu yenye mkanda mweusi wa mshazari, juu yake mkuki, na kileleni kipanga aliyeshika mkuki mwingine. Inaaminika kwamba mwanawe William, aliyekuwa amepata fedha kwenye michezo ya jukwaani London, ndiye aliyegharimia. Lakini Hamnet, mtoto pekee wa kiume wa William, alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 11. Mjukuu wa mwisho wa William, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila kuacha mtoto. Ndugu wa kiume wa William hawakuacha uzao unaojulikana wa kuendeleza jina. Damu ya John iliendelea kwa binti yake Joan, aliyeolewa na mtu aitwaye Hart, na wazao wake wakabeba jina la Hart.

Sasa fikiria duka. Mteja aitwaye Shakespeare atauziwa mkuki na kipanga ingawa hatokani na John. Mteja aitwaye Hart, hata akiwa wa uzao wa Joan, ataletewa ngao nyingine kabisa. (Na hata huyo Hart asingeirithi, maana alipitia kwa mwanamke. Sheria za nembo hazijawahi kuwa na huruma.) Jina ni njia mbaya ya kumtafuta mrithi, na duka halina njia nyingine.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Hawa wanaojiita walinzi wa haki, wao haki waliipata wapi? Mwaka 1602 Ralph Brooke, mmoja wa maofisa wa nembo, aliwashtaki wenzake kwamba walikuwa wakiwapa nembo watu wasio na hadhi, na katika orodha yake ya majina 23 limo la Shakespeare, "mwigizaji". Wenzake walijibu kwamba John alikuwa hakimu na mtu wa kuheshimika. Ugomvi wao haukuwa juu ya kuuza au kutouza, kwa kuwa ada ililipwa na wote. Waligombania nani auziwe. Leo pia anayeomba nembo London hulipa maelfu ya pauni.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta nembo watu walijitwalia wenyewe. Mwaka 1385, jeshi la Richard II lilipokwenda Scotland, wapiganaji wawili, Richard Scrope na Robert Grosvenor, walikutana wakiwa na ngao ileile: buluu yenye mkanda wa dhahabu wa mshazari. Kesi yao ilichukua miaka, na mashahidi walikuwa mamia. Mmoja wao, mshairi Geoffrey Chaucer, alieleza kwamba siku moja alikuwa akipita Friday Street, London, akaona alama mpya imetundikwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza kwa nini wametundika nembo ya Scrope, akaambiwa ni ya Grosvenor, mtu ambaye yeye hakuwahi hata kumsikia. Scrope alishinda. Grosvenor akachukua mganda wa ngano wa dhahabu, lakini machungu hayakuisha: karibu miaka 500 baadaye mzao wake, Duke wa Westminster, alimpa farasi wake jina la Bend Or, yaani ule mkanda wa dhahabu, na farasi akashinda mbio za Derby mwaka 1880.

Wala si kila nchi inafuata kanuni ya London. Poland nembo moja ilitumiwa na familia nyingi zenye majina tofauti na zisizo na undugu wa damu. Huko Horodło mwaka 1413, familia 47 za wakuu wa Lithuania zilipokewa katika nembo za Wapoland. Kwa mfumo huo wa kushirikiana, ukali wa Waingereza ni desturi ya mahali tu. Scotland yenyewe imewaachia watu mlango: mfuasi wa ukoo anaweza kuvaa alama ya chifu wake ikiwa imezungushiwa mkanda wenye bizimu, ishara kwamba yeye ni mfuasi na si mwenye mali.

Kwa hiyo hoja ya kwamba nembo ni ya mtu mmoja tu haishiki kila mahali. Kinachoshika kila mahali ni kumbukumbu. Horodło kuna hati yenye majina na tarehe. London kuna daftari. Kenya nayo ina Chuo cha Nembo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, ambacho kaunti na vyuo vikuu husajili nembo zao. Yeyote akitia shaka, kuna pa kwenda kuangalia. Karatasi ya duka haisemi ngao alipewa nani, lini, wala inamhusu vipi aliyeinunua. Hilo ndilo kosa ninalolihesabu. Simba wa kwenye kibao hana neno. Historia ya familia inayobandikwa chini yake ndiyo bidhaa mbovu, hasa inapouzwa kwa mtu ambaye hana namna ya kuipima.

Dawa yake ni nyepesi: duka liandike kwamba hii ni nembo ya fulani, aliyepewa mwaka fulani, na mnunuzi ameshirikiana naye jina tu. Anayetaka iliyo yake hasa anaweza kufanya kama wakulima na mafundi wa Uswisi, ambako familia zisizo za kikabaila zimejichorea nembo kwa karne nyingi, mradi wasichukue ya mwenzao.